Saa Haioni Jua: Uhakiki wa Majedwali ya Nyakati za Swala Yanayotundikwa Misikitini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Aliyelijaalia jua na mwezi kwenda kwa hesabu ili wanadamu wajue idadi ya miaka na nyakati za ibada zao. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake, Swahaba zake na wote waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Katika misikiti yetu mingi, karibu na mihrabu, hutundikwa karatasi yenye kichwa cha habari "Jedwali la Kudumu la Nyakati za Swala". Juu yake kuna saa ya ukutani, na siku hizi mara nyingi ni saa ya kidijitali yenye namba nyekundu, inayoadhini yenyewe wakati ukifika. Maimamu wanaitegemea, maadhini wanaitegemea, na watu wa nyumba za jirani wanafungua saumu zao kwa kuisikia. Ni neema kubwa, wala makala haya hayakusudii kuipinga. Linalokusudiwa ni kuuliza swali ambalo haliulizwi: Jedwali hili limeandikwa kwa ajili ya mji gani, kwa kipimo gani cha alfajiri, na kwa saa rasmi ipi? Jedwali lisiloyajibu maswali hayo matatu halifai kuwa hoja juu ya Swala ya mtu yeyote, hata kama saa iliyo juu yake haikosei sekunde moja.

SABABU YA SWALA NI IPI?

Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 103, kwamba Swala ni faradhi iliyowekewa nyakati maalumu. Nyakati hizo alizifundisha Jibril (A.S.) alipomswalisha Mtume (S.A.W.) siku mbili, siku ya kwanza mwanzo wa kila wakati na siku ya pili mwisho wake, kama alivyopokea Ibn Abbas (R.A.) katika Hadithi iliyomo kwa Abu Daud na Tirmidhi. Katika Hadithi hiyo alama zote ni za jua na mwanga: kupinduka kwa jua, urefu wa kivuli, kuzama kwa jua, kutoweka kwa wekundu wa mbingu, na kuchomoza kwa alfajiri.

Imam Shihabuddin al-Qarafi (aliyefariki mwaka 684 Hijria), miongoni mwa wanachuoni wakubwa wa Kimaliki, ameeleza jambo hili kwa uwazi katika kitabu chake al-Furuq. Anasema kwa maana kwamba Sharia imelifanya tukio lenyewe la jua kuwa ndiyo sababu ya kuwajibika Swala. Kwa hiyo yeyote aliyejua kwa njia yoyote ya kuaminika kwamba tukio limetokea, iwe kwa kuona, kwa hesabu au kwa chombo, Swala imemlazimu. Hapo hapo anaeleza kwamba wote wamekubaliana kuwa kila watu wana alfajiri yao, zawali yao na magharibi yao.

Maneno haya yana pande mbili. Upande wa kwanza unatupa ruhusa ya kutumia saa na hesabu. Upande wa pili unatukataza kuitumia saa na hesabu ya watu wengine. Sisi tumeushika upande wa kwanza kwa mikono miwili, na wa pili tumeuacha.

KALENDA HUREKEBISHWA KWA NJIA MBILI

Kabla ya kuyatazama majedwali yetu, ni vizuri turejee katika historia. Umma huu, na umati nyingine, zimezirekebisha hesabu za nyakati mara nyingi, na katika marekebisho hayo yamo yaliyosifiwa na yaliyolaaniwa.

Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na nasii, yaani kuuahirisha mwezi mtukufu na kuuweka mwingine mahali pake, ili vita au biashara zao zisizuiwe. Qur'ani katika Suratut-Tawba, aya ya 36 na 37, imethibitisha kwamba idadi ya miezi kwa Mwenyezi Mungu ni 12 na kwamba nasii ni kuzidi katika ukafiri. Katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria, Mtume (S.A.W.) akawatangazia watu kwamba zama zimerejea katika umbo lake la asili. Ubaya wa nasii haukuwa katika kuhesabu. Ubaya wake ni kwamba ibada ilihamishwa kutoka wakati aliouweka Mwenyezi Mungu na kupelekwa kwenye wakati waliojipangia watu.

Kisha katika ukhalifa wa Umar bin al-Khattab (R.A.), mwaka wa 17 Hijria (638 Miladia) kwa kauli mashuhuri, ikapokewa kwamba Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) alilalamika kuwa barua zinamfikia bila ya tarehe. Khalifa akafanya shura na Swahaba, wakakubaliana kuanza kuhesabu miaka kutokea mwaka wa Hijra na kuufanya Muharram kuwa mwezi wa kwanza. Hili nalo lilikuwa ni jambo jipya la kalenda. Lakini tazama walichokigusa na walichokiacha. Walipanga hesabu ya miaka kwa ajili ya barua, madeni na mishahara. Mwandamo wa mwezi hawakuugusa.

Khalifa al-Mu'tadid wa Bani Abbas alifuata njia hiyo hiyo. Kodi ya ardhi ilikuwa ikidaiwa siku ya Nauruzi, lakini kwa kuwa hesabu ya mwaka wa zamani wa Kifursi ilikuwa imeteleza, siku hiyo ikawa inafika kabla ya mazao kuiva. Wakulima walilazimika kukopa ili walipe. Mwaka 282 Hijria (895 Miladia) akaisogeza mbele hadi tarehe 11 Juni ili mkulima alipe akiwa amevuna. Vivyo hivyo Sultani Malik Shah, mwaka 471 Hijria (1079 Miladia), alipokea kalenda mpya ya jua iliyotengenezwa na wanafalaki, akiwamo Umar Khayyam. Ramadhani na Hija zilibaki na mwezi wao.

Kanuni inayopatikana hapa ni hii: marekebisho ya hesabu yanayowatumikia watu bila kuihamisha ibada ni maslaha yanayoruhusiwa. Marekebisho yanayoiondoa ibada mahali pake yanakataliwa, hata kama waliofanya hivyo wana nia njema.

FUNZO LA DAKIKA 11

Wakristo nao wana kisa chenye mafunzo. Waliifungamanisha sikukuu yao ya Pasaka na tarehe 21 Machi, siku ambayo katika karne ya 4 usiku na mchana hulingana. Lakini mwaka wa kalenda yao ya Kirumi ulikuwa mrefu kuliko mwaka wa jua kwa takriban dakika 11. Dakika 11 kwa mwaka mzima ni kitu kidogo, na jedwali likaendelea kusomwa kizazi baada ya kizazi. Ilipofika karne ya 16 usawa wa usiku na mchana ulikuwa ukitokea karibu na tarehe 11 Machi, ilhali karatasi bado inasema 21. Mwaka 1582 Papa Gregory wa 13 akaamuru siku 10 zifutwe, na Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba ikafuatiwa na Ijumaa ya tarehe 15. Uingereza ilikataa hadi mwaka 1752, ikalazimika kufuta siku 11. Urusi ilisubiri hadi mwaka 1918, ikafuta 13.

Wataalamu wao walilijua kosa hilo karne nyingi kabla ya mwaka 1582. Lililokosekana ni ujasiri wa kuiambia karatasi iliyozoeleka kwamba imeachana na mbingu. Tusiwacheke. Saa ya kawaida ya betri ikipotea nusu sekunde kwa siku, kwa mwaka itakuwa imepotea dakika 3. Na ndani ya majedwali yetu yamo makosa makubwa kuliko hayo.

JEDWALI LA DAR ES SALAAM NDANI YA KIGOMA

Saa rasmi ya Tanzania, Kenya na Uganda iko saa 3 mbele ya Greenwich, na imejengwa juu ya longitudo ya nyuzi 45 Mashariki. Jua hupita nyuzi 15 kwa saa moja, yaani uzi mmoja kwa dakika 4. Dar es Salaam iko kwenye nyuzi 39 na robo hivi, na Kigoma iko kwenye nyuzi 29 na nusu na kidogo. Tofauti yao inakaribia nyuzi 10, ambazo ni takriban dakika 38. Mwanza iko nyuma ya Dar es Salaam kwa takriban dakika 25, Bukoba kwa takriban dakika 30. Nchini Kenya, Kisumu iko nyuma ya Mombasa kwa takriban dakika 20. Kwa kulinganisha, Makka inatumia saa rasmi sawa na yetu, na zawali yake hutofautiana na ya Dar es Salaam kwa dakika 2 tu. Yaani katika zawali, mtu wa Dar es Salaam yuko karibu zaidi na mtu wa Makka kuliko na ndugu yake wa Kigoma.

Sasa tuchukue tarehe 20 Machi, ambayo ilikuwa ndani ya Ramadhani katika mwaka 2024 na mwaka 2025. Siku hiyo jua huzama Dar es Salaam kama saa 12 na dakika 34 jioni, na Kigoma kama saa 1 na dakika 12 usiku. Mtu wa Kigoma anayefuturu kwa adhana ya redio inayotoka Dar es Salaam, au kwa jedwali lililochapishwa huko, amekula hali jua bado linaonekana juu ya Ziwa Tanganyika. Na akiswali Alfajiri kwa adhana hiyo hiyo, ameswali hali jua liko kama nyuzi 27 chini ya upeo. Wanafalaki wa Kiislamu wametofautiana katika kipimo cha alfajiri: wapo waliochukua nyuzi 15, wapo waliochukua 18, na Misri inatumia 19 na nusu. Nyuzi 27 ni usiku mtupu kwa kauli za wote, kwa hiyo hapa hakuna ikhtilafu ya kujifichia.

Tusidhani kwamba Dar es Salaam yenyewe imesalimika. Kupinduka kwa jua hakutokei saa ile ile mwaka mzima. Mwanzoni mwa Novemba, Dar es Salaam hupata zawali kama saa 6 na dakika 6 mchana. Katikati ya Februari huipata kama saa 6 na dakika 37. Msikiti uliozoea kuanza khutba ya Ijumaa saa 6 na nusu mwaka mzima, mwezi wa Februari unaianza kabla ya wakati kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafii na jamhuri ya wanachuoni, isipokuwa kwa ruhusa iliyomo katika madhehebu ya Imam Ahmad. Huko Kigoma mwezi huo zawali haifiki mpaka kama saa 7 na robo.

Yapo pia majedwali ya zamani, yaliyonakiliwa kwa mkono kutoka kwa wazee wetu na kuheshimiwa kwa sababu hiyo. Zamani saa rasmi ya Kenya na Tanganyika iliwahi kuwa saa 2 na dakika 45 mbele ya Greenwich, na baadaye ikawa saa 3 kamili. Mzee aliyeandika jedwali kabla ya hapo aliandika sahihi. Anayelitumia leo bila ya kuongeza dakika 15 anafuturu dakika 15 kabla ya jua kuzama.

HUKUMU YAKE

Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomwa katika darsa zetu za pwani, ametaja kwamba asiyejua wakati atafanya jitihada, na akiyakinisha baadaye kwamba Swala yake ilikuwa kabla ya wakati, atailipa kwa kauli iliyo dhahiri zaidi. Ama saumu, amepokea Bukhari kutoka kwa Asma binti Abi Bakr (R.A.) kwamba walifuturu siku ya mawingu katika zama za Mtume (S.A.W.), kisha jua likatokeza. Mpokezi Hisham alipoulizwa kuhusu kulipa, alijibu kwamba hakuna budi. Jamhuri ya wanachuoni, wakiwamo Mashafii, wamesema atalipa. Sheikhul Islam Ibn Taymiyya ameona kwamba halazimiki. Lakini ikhtilafu hiyo ni juu ya mtu aliyezibwa na mawingu, akajitahidi, akakosea. Je, mtu ambaye jua liko mbele ya macho yake na akaliacha kwa sababu karatasi imesema limezama, naye tumweke katika fungu hilo? Kila imamu ajibu nafsi yake kabla ya kuwajibia watu.

HOJA TATU NA MAJIBU YAKE

Wa kwanza atasema: "Basi saa zote ni bid'a, turudi kwenye kivuli." Jibu ni kwamba Umma huu ulikuwa na wataalamu wa nyakati misikitini kabla ya Ulaya kuwa na saa ya mfukoni. Huko Misri na Sham, katika zama za Mamaluki, kulikuwa na cheo cha muwaqqit, mtunza nyakati wa msikiti. Ibn al-Shatir, muwaqqit wa Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, alitengeneza saa ya jua mwaka 773 Hijria ikawekwa kwenye mnara wa msikiti huo. Mwenzake al-Khalili alihesabu majedwali ya Swala, na aliyahesabu kwa latitudo ya Damascus. Hao ndio wa kufuatwa: walihesabu, na walihesabu kwa ajili ya mji wao.

Wa pili atasema: "Mtume (S.A.W.) amehimiza kuharakisha futari, nyinyi mnatuchelewesha." Jibu ni kwamba kuharakisha kunaanza baada ya jua kuzama. Katika Hadithi ya Umar (R.A.) iliyomo kwa Bukhari na Muslim, alama ya kufuturu ni usiku kuingia kutoka upande mmoja, mchana kuondoka upande mwingine, na jua kuzama. Aliyetangulia alama hizo hakuharakisha Sunna.

Wa tatu atasema: "Kama mmekubali hesabu katika Swala, ikubalini katika mwandamo wa mwezi." Mas-ala haya ni mapana na yana ikhtilafu inayojulikana, na hapa si mahali pake. Inatosha kusema kwamba al-Qarafi, katika sehemu ile ile tuliyoitaja, ametenganisha baina ya mawili haya: katika Swala sababu ni tukio lenyewe, na katika saumu Sharia imeifungamanisha amri na kuonekana kwa mwezi au kukamilisha siku 30. Anayetaka kujadili mwandamo aujadili kwa dalili zake, asiupitishe kwa mlango wa saa.

NINI KIFANYIKE

Kulinganisha saa leo si kazi ngumu. Simu ya mkononi inayopokea saa kutoka kwenye mtandao hukosea kwa chini ya sekunde moja katika hali ya kawaida, kwa kuwa chanzo chake ni saa za atomiki. Muadhini akiilinganisha saa ya ukutani na simu yake kila Ijumaa, mlango huo umefungwa. Lakini saa ya kidijitali inayoadhini, na programu ya simu, huuliza kwanza mji na kipimo cha alfajiri. Aliyechagua mji usio wake atapata kosa lile lile kila siku, kwa sekunde zile zile.

Jedwali lolote litakalotundikwa liandikwe juu yake jina la mji, longitudo na latitudo yake, saa rasmi iliyotumika, nyuzi za alfajiri na isha, kivuli cha Alasiri ni cha mfano mmoja au miwili, na dakika ngapi za tahadhari zimeongezwa. Karatasi isiyo na hayo ishushwe. Kisha ijaribiwe mbele ya jua. Simika fimbo iliyonyooka uwanjani, tia alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 2 kuanzia saa 6 mchana, na uone kivuli kinaanza kurefuka lini. Jioni, simama mahali ambapo hakuna mlima wala jengo la kuziba upeo, ukiwa na jedwali mkononi. Vijana wa madrasa wanaweza kuifanya kazi hii kwa siku chache tu, na watakuwa wamesoma mlango wa mawaqiti kwa macho yao.

Tukumbuke Swahaba Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.). Alikuwa haoni, na alikuwa muadhini wa Alfajiri wa Mtume (S.A.W.). Imepokewa katika Bukhari kwamba alikuwa haadhini mpaka aambiwe kwamba asubuhi imeingia. Hakuna aliyemtilia shaka, kwa sababu kila siku palikuwa na watu wanaoitazama mbingu na kumjuza. Saa zetu nazo hazioni. Aliyezitengeneza hakuwaona watu wa Kigoma wala wa Kisumu. Zinahitaji kuambiwa, na jukumu la kuziambia liko juu ya imamu, muadhini na kamati ya msikiti, ambao watu wameweka Swala na saumu zao kwenye dhamana yao.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Wabillahi tawfiq.